Haya, woga na mapendo katika kujifunza lugha ya pili: Kiswahili na Kifaransa kwetu Kongo

Utangulizi

Kila mwalimu wa kwetu anajua jambo hili. Mutoto anaulizwa swali kwa Kifaransa. Jibu analijua: ukimuuliza kwa Kiswahili, nje, chini ya muti, atakuelezea vizuri. Lakini mbele ya wenzake anainamisha kichwa, anachezesha vidole, anangojea mwalimu apite kwa mwingine. Na sisi tunasema: «Hakusoma somo lake.» Ao: «Ni mutoto wa haya.» Mara mingi haiko hivyo. Mutoto huyo anaogopa, na ule woga hakuzaliwa nao. Uko na historia, na historia hiyo ni ya nchi yetu.

Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza: lugha ya pili haiingii ndani ya mutu kwa masikio na macho peke yake. Inapita pia katika roho, pale haya, woga, hasira, kiburi na mapendo vinakaa. La pili: wazee wetu wa Katanga, wa Kivu, wa Maniema na wa upande wa Kisangani walikutana na lugha mbili za kigeni katika muda wa miaka mia moja hivi, Kiswahili na Kifaransa. Moja wameifanya kuwa yao kabisa, mpaka wanaliana nayo kwenye matanga. Ingine, kwa watu mingi, ingali kama koti la kuazima: unalivaa siku ya sherehe na unaogopa kulichafua.

Watu watasema: «Kiswahili ni ndugu ya lugha zetu, ndiyo maana kilikuwa rahisi.» Ni kweli, lakini haitoshi. Tuangalie mambo namna yalivyotokea.

1. Kiswahili: lugha ya amri yenye ikawa lugha ya nyumba

Tusidanganyane: Kiswahili hakikuingia kwetu kwa upole. Katika karne ya 19 kilifika pamoja na misafara ya wafanya biashara wa pembe za ndovu na wa watumwa, wale wenye walijenga nguvu yao kule Nyangwe na Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara hao wakiua kwa bunduki mamia ya watu kwenye soko la Nyangwe, wengi wao wanawake. Kwa mutu wa kijiji cha wakati ule, kusikia Kiswahili njiani ilikuwa kusikia hatari.

Kisha wakaja Wabelgiji. Kule Katanga, Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa katika mwaka 1906, na muji wa Élisabethville katika mwaka 1910. Kampani ilileta wafanyakazi kutoka pande mingi: Kasai, Maniema, Rwanda, na Rhodesia ya Kaskazini, ni kusema Zambia ya leo. Ilihitaji lugha moja ya kuwaamuru wote, na Kiswahili kikachaguliwa. Musomi Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, alichunguza vile vitabu vidogo vya maneno vyenye vilitungwa kwa ajili ya Wazungu wa Katanga. Vimejaa maneno ya amri. Muzungu hakujifunza Kiswahili kwa kuzungumza na mutu; alikijifunza kwa kumutuma.

Basi namna gani lugha ya kutuma ikawa lugha ya kupenda? Jibu liko ndani ya kambi zenyewe. Jioni, kazi ikiisha, kapita akienda kwake, Kiswahili kilibaki mikononi mwa watu. Muluba alikisema kwa Kiluba chake, Mubemba kwa Kibemba chake. Hakukuwa hata mumoja mwenye kusema: «Mimi ndiye mwenye lugha, wewe unaiharibu.» Kwa sababu hakukuwa mwenye lugha, hakukuwa mwamuzi, na kwa sababu hakukuwa mwamuzi, hakukuwa haya. Watu wakaoana nayo, wakagombana nayo, wakalaza watoto nayo.

Alama za mabadiliko hayo tunazo. Katika mwaka 1952, Hugh Tracey alirekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, kijana mumoja mupiga gitaa, Mwenda Jean-Bosco. Wimbo wake «Masanga» ulisikiwa mbali sana, na Kiswahili cha Katanga kikaingia kwenye disiki. Karibu mwaka 1953, kule Kolwezi, Padri Placide Tempels na wafanyakazi wa migodi walianza kundi la Jamaa. Mafundisho yao yalizunguka maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Angalia vizuri: katika muda wa maisha ya mutu mumoja, lugha yenye ilikuwa ya «beba hii» ikawa lugha ya mume na muke kuelezana mambo ya ndani ya moyo. Na katika mwaka 1965, André Yav, pamoja na wenzake wenye walikuwa wametumika kwa Wazungu kama maboyi, wakatoa historia ya muji wa Élisabethville. Jina la kitabu ni la Kifaransa, lakini mambo yote ya ndani ni Kiswahili cha kwao, bila kuomba ruhusa kwa mutu. Walikuwa na uchungu wa kusema, na waliusema katika lugha yenye hawakuionea haya.

Hata leo mutu wa Zanzibar ao wa Dar es Salaam akitusikia, anacheka kidogo. Na sisi tunacheka pamoja naye, kisha tunaendelea kusema. Kicheko hicho hakitunyamazishi.

2. Kifaransa: lugha ya kunyimwa

Kifaransa kilifuata njia ingine. Wakati wa ukoloni, ugumu wa kwanza haukuwa kulazimishwa Kifaransa, ulikuwa kukinyimwa. Masomo yalikuwa mikononi mwa misioni, zaidi tangu mapatano ya mwaka 1906 kati ya Vatikani na Serikali ya Leopold II. Mupango wenye ulitayarishwa katika miaka ya 1920 na kutangazwa katika mwaka 1929 uliweka masomo ya musingi ya daraja la kwanza ya miaka 2 kwa watoto wengi, katika lugha za kwetu, na daraja la pili ya miaka 3 kwa wachache. Kifaransa kilikuwa zaidi kwa wale wenye kutayarishwa kuwa makalani, walimu ao mapadri.

Kunyimwa kunafanya kitu kiwe na bei. Mutu mweusi mwenye kujua Kifaransa alikuwa ajabu, na watu walikuja kumusikiliza. Stefano Kaoze, mutoto wa Marungu, alikuwa angali musemina wakati andiko lake juu ya saikolojia ya Wabantu lilipotoka katika gazeti moja la Kibelgiji katika miaka 1910-1911. Katika mwaka 1917 akawa padri wa kwanza Mukongomani wa wakati wa ukoloni. Tunamusifu, na ni haki. Lakini kwa kila Kaoze mumoja, ni watoto wangapi waliona kwamba lugha ile si ya watu kama wao?

Kisha bei ikapanda zaidi. Katika mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaweka karata ya sifa ya kiraia, na katika mwaka 1952 ikaweka «immatriculation», kwa ajili ya wale walioitwa «évolués». Mutu mwenye kuiomba alichunguzwa: anasemaje, anakulaje, nyumba yake iko namna gani, anaishi na bibi yake namna gani. Patrice Lumumba, kalani wa posta kule Stanleyville, alikataliwa kwanza, ndipo akapewa katika mwaka 1954.

Tufikiri juu ya roho ya mutu mwenye kupita katika uchunguzi wa namna hiyo. Kwa mutoto wa Ubelgiji, kosa la Kifaransa lilikuwa kosa la Kifaransa. Kwa baba wa kwetu, kosa la Kifaransa lilikuwa ushuhuda kwamba hajafika bado kuwa mutu kamili. Hapo ndipo haya yetu ilizaliwa. Kosa la sarufi likageuka kuwa kosa la utu.

3. «Tu» na «vous»

Kuna neno moja dogo lenye kuonyesha jambo hili kuliko mengine. Kifaransa kina «tu» na «vous». Wazungu wengi wa wakati ule walimwambia kila mutu mweusi «tu», hata mwenye nywele nyeupe, hata mbele ya watoto wake. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Lumumba alipohesabu mateso ya miaka 80 mbele ya mufalme Baudouin, hakusahau neno hilo dogo. Alikumbusha kwamba mutu mweusi aliambiwa «tu», si kama rafiki, lakini kwa sababu «vous» ya heshima iliwekwa kwa Wazungu peke yao. Katika hotuba yenye kuzungumzia kazi ya kulazimishwa, ardhi yenye kunyang'anywa na risasi, alipatia sarufi nafasi yake. Alijua kwamba lugha inaweza kuumiza kama fimbo.

Sasa tuangalie darasani kwetu. Katika Kiswahili chetu, heshima haikai katika «wewe». Inakaa katika «Baba», «Mama», «Mwalimu», «Mzee», na katika namna ya kuinama na ya kupokea kwa mikono miwili. Mutoto mwenye heshima anasema: «Mwalimu, wewe ulisema jana...» Anatafsiri sawasawa, na inatoka: «Tu as dit hier...» Mara moja darasa lote linapiga kelele, na mwalimu anakasirika kama mutu aliyetukanwa. Mutoto hakutukana mutu. Alileta heshima yake yote, lakini aliileta katika chombo chenye Kifaransa hakikitambui. Kama hatumuelezei hivyo, atabeba nyumbani somo moja tu: kwamba kufungua kinywa ni hatari.

4. Mwaka 1962 na kipande cha muti

Kisha uhuru, mambo yaligeuka ghafula. Lugha yenye ilikuwa ya kunyimwa ikawa ya kulazimishwa. Programu ya taifa ya mwaka 1962 iliweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa masomo ya musingi. Nia ilikuwa nzuri: kuunganisha nchi, na kuwapa watoto wote kile chenye wazazi wao walinyimwa. Lakini mutoto wa miaka 6 alitoka katika Kishi, Kinande, Kiluba ao Kiswahili cha nyumbani, akaingia katika chumba chenye hata neno la kuomba ruhusa ya kutoka hakulijua.

Tukumbuke pia wema wa wakati ule. Walimu wengi kutoka Haiti walikuja kufundisha kwetu katika miaka ya 1960. Kwa mwanafunzi wa wakati ule ilikuwa jambo jipya kabisa: mutu mweusi kama yeye, mwenye kusema Kifaransa bila kutetemeka. Kabla hata ya kufundisha kitendo kimoja, mwalimu wa namna hiyo alikuwa amekwisha kufundisha jambo kubwa.

Lakini kulikuwa pia kile tulichokiita «symbole». Wengi kati yetu tunakikumbuka: kipande cha muti, cha kopo ao mufupa, chenye kamba. Mwenye kushikwa akisema lugha ya kwao alikivaa shingoni. Ili akitoe, alipashwa kuvizia mwenzake naye akosee. Mwenye kukutwa nacho saa ya kurudi nyumbani alipigwa, ao alifagia. Hatukukivumbua sisi. Watoto wa Bretagne kule Ufaransa walikivaa kwa ajili ya Kibretoni, watoto wa Wales kwa ajili ya Kiwelisi, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika katika mwaka 1986 namna kitu kama hicho kilivyotumiwa Kenya.

«Symbole» kilifundisha nini? Kilifundisha kuviziana. Kilifundisha kwamba lugha ya mama ni takataka ya kuninginizwa shingoni. Na zaidi ya yote kilifundisha kunyamaza, kwa sababu mutoto mwenye akili alitambua upesi: mwenye hasemi kitu hapati kipande cha muti. Tulitaka watoto waseme Kifaransa, na tukaunda chombo cha kuwafundisha kutokusema kitu.

Serikali yenyewe ilianza kurudi nyuma. Katika mwezi wa 5 mwaka 1974, wasomi wa lugha walikutana Lubumbashi katika semina yao ya kwanza ya taifa, wakaomba lugha za taifa zipewe nafasi katika masomo. Sheria ya mwaka 1986, kisha ile ya tarehe 11 Februari 2014, zimekubali lugha za taifa na lugha za mahali darasani. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kwenye karatasi, kipande cha muti kimeondolewa. Kwenye shingo la roho, mara mingi kingali kinaninginia.

5. Wasomi wa lugha wanasema nini

Mambo haya yenye wazee wetu waliishi, wasomi wa ng'ambo walikuja kuyapima. Kule Kanada, Gardner na Lambert walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1972 kwamba akili peke yake haielezi nani atafaulu katika lugha ya pili. Inafaa kuuliza pia mutu anawaona namna gani watu wenye lugha hiyo, na kama anapenda kukaribiana nao ao anatafuta tu kazi na makuta. Kule Marekani, Stephen Krashen aliandika katika mwaka 1982 juu ya kitu kama kichujio katika roho: mutu akiwa na woga ao haya, kichujio kinaziba, na maneno yenye anasikia hayaingii ndani. Katika mwaka 1986, Elaine Horwitz na wenzake walitengeneza orodha ya maneno 33 ya kupimia woga wa mwanafunzi katika darasa la lugha. Walisema kwamba woga huo ni wa namna yake, kwa sababu katika hesabu mutu anaonyesha kile anachojua, lakini katika lugha ya kigeni anajionyesha yeye mwenyewe, na anaonekana mudogo kuliko vile alivyo.

Hili la mwisho linatugusa sana. Kijana wa miaka 17 mwenye kujua kupatanisha ndugu zake, mwenye kujua bei za soko na mambo ya ukoo, akifungua kinywa kwa Kifaransa anageuka mutoto wa miaka 5. Anapendelea kunyamaza kuliko kupunguzwa.

6. «Sisi tulipigwa, na tunakijua»

Hapa wakubwa wengi wanatujibu: «Ninyi walimu wa leo mumekuwa laini. Sisi tulivaa symbole, tulipigwa, na Kifaransa chetu ni bora kuliko cha watoto wenu.» Tusilizarau neno hilo. Mutu mwenye kulisema mara mingi anakisema Kifaransa vizuri kweli.

Lakini tumuulize swali moja: wale wengine wa darasa lako wako wapi? Wakati tunahesabu matunda ya fimbo, tunahesabu wale wenye walibaki mpaka mwisho. Wenye walitoka katika mwaka wa tatu hawapo kwenye mukutano wa kutoa ushuhuda. Yule musichana mwenye alichekwa siku moja na hakurudi tena haandiki katika vitabu kama hiki. Fimbo haikufundisha wale wenye tunawaona. Iliwachagua tu, kisha ikafunika wengine kwa kimya.

Ni kweli pia kwamba hisia kali haziharibu kila mara. Hasira na kiburi cha haki vilimusukuma Lumumba kukamata Kifaransa kama silaha na kukirudisha kwa wenyewe. Lakini hasira yake ilikuwa na kitu cha kusema. Woga hauna cha kusema. Unangojea tu kengele ya kutoka.

7. Tufanye nini?

Tangu masomo ya musingi ya serikali yawe bila malipo katika mwezi wa 9 mwaka 2019, madarasa yetu yamejaa. Watoto wengi wanatoka katika nyumba zenye hakuna hata mumoja anayesema Kifaransa. Wamepita mulango wenye baba zao hawakuupita. Ikiwa tunawapokea kwa kicheko, watatoka kwa mulango uleule. Mambo manne yanawezekana hata bila vitabu na bila makuta.

Kwanza, tumuache mutoto amalize wazo lake. Kumukata katikati ya neno ni kumuambia kwamba kosa lake ni kubwa kuliko wazo lake. Tumusikilize, kisha turudilie maneno yake vizuri, kama mama anavyorudilia maneno ya mutoto mudogo.

Pili, Kiswahili kiwe daraja. Wanafunzi watayarishe jibu wawili wawili kwa Kiswahili, kisha walivushe kwa Kifaransa. Mutu mwenye anajua tayari atasema nini haogopi sana namna ya kulisema.

Tatu, turudishe mchezo na wimbo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilichekesha watu miaka mingi kwa kucheza mambo ya maisha ya muji kwa Kiswahili. Katika mchezo, kosa ni la yule mutu anayeigizwa, si la mwanafunzi. Kwa hiyo ulimi unafunguka.

Ine, kicheko cha kuzarau kikatazwe darasani kama vile wizi unakatazwa. Na mwalimu mwenyewe, neno likimukosa, afungue kamusi mbele ya wote. Wazee wanasema kuuliza si ujinga. Watoto wataamini neno hilo siku watakapotuona tukiuliza.

Kwa kumaliza

Wazee wa kambi hawakupewa Kiswahili kama zawadi. Walikipokea kikiwa cha amri, wakakigeuza kuwa cha mapendo, kwa sababu jioni, kati yao, kila mutu alikuwa na haki ya kukosea bila kupoteza heshima. Haki hiyo ndiyo Kifaransa hakikutupatia: kwanza kilinyimwa, kisha kikapimiwa utu wa mutu, kisha kikalazimishwa na kipande cha muti. Tusishangae basi kwamba watoto wetu wananyamaza. Hawakuchagua kimya hicho. Ni uriti tuliowaachia.

Programu zinatoka Kinshasa, na vitabu vinatoka mbali. Lakini haki ya kukosea bila kuchekwa haitoki mbali. Inatolewa ao inanyimwa kila asubuhi, katika kila darasa, na mutu mumoja: yule mwenye kushika chaki.